Jani Ambalo Mama Hakulishika

Ukitaka kunikasirisha mpaka leo, niambie kwamba picha ile ilimpa mama yangu heshima. Wapo walioniambia hivyo usoni, tena watu waliosoma, wamekaa kwenye benchi la kibanda changu cha ushonaji pale Pasua, mjini Moshi, wakisubiri niwapunguzie suruali. Suruali niliwapunguzia, jibu sikuwapa. Heshima mama alikuwa nayo kabla yule mchoraji hajajua kushika penseli, na nusura picha yake imnyang'anye mama heshima hiyo pamoja na kaburi la mumewe.

Nianze na ugomvi, maana bila ugomvi picha ingekuwa picha tu. Baba alipofariki tulimzika nyumbani Marangu, ndani ya kihamba chetu, shamba la ukoo, katikati ya migomba na mibuni, kama tunavyozikana wote kule. Mpaka kati ya kihamba chetu na cha mdogo wake ulikuwa mstari wa masale, ile mimea ya majani marefu, na aliyeupanda ni babu mwenyewe. Matanga hayajapoa vizuri, asubuhi moja tukaamka tukakuta mstari umehama. Masale yameng'olewa na kupandwa ndani kwetu, na kaburi la baba pamoja na mibuni inayolizunguka vimeangukia upande wa baba mdogo. Sasa masale hayana miguu. Mama hakupiga kelele wala hakuita mtu. Alichukua jembe, akayang'oa yote, akayarudisha palepale alipoyapanda babu, mchana kweupe, baba mdogo akimtazama.

Basi baba mdogo akatangaza kwamba ametukanwa na mwanamke, na kwamba hataki kusikia habari za mpaka wala za salamu mpaka mwanamke huyo ampelekee sale. Kwetu jani la sale ndilo linaloomba msamaha. Aliyekosa hulikata, akalifunga fundo, akaenda kumkabidhi aliyemkosea, mkono kwa mkono, na anayekabidhiwa hana ruhusa ya kukataa hata kama moyo unamwaka moto. Lakini kulitoa ni kukiri. Ukishalitoa umesema mbele ya ukoo mzima kwamba kosa ni lako, na mambo yanamalizwa anavyotaka mwenzako. Wazee wa ukoo walikaa, wakanywa mbege, pombe yetu ya ndizi, mpaka ikaisha, wakaamua kwamba aliyekosa apeleke sale. Ni nani aliyekosa, hawakusema. Wazee wa kwetu ni mafundi wa hukumu za namna hiyo. Miaka ikapita, jani halikupelekwa na yeyote, na Marangu nzima ikawa inasubiri kuona nani atachoka kwanza. Mama hakuchoka.

Ndipo akaja mchoraji. Ilikuwa ile miaka biashara zimefunguliwa, mitumba imejaa mpaka cherehani yangu inakaa siku nzima inanitazama, magazeti mapya yanaanguliwa kama vifaranga na kufa kama vifaranga, kila mtu ana mradi na kila mradi una mfadhili. Huyu alikuwa kijana wa Kichagga kwa jina la ukoo, lakini amezaliwa Dar, amekulia Dar, na mlimani anapandishwa Krismasi na wazazi wake kula mbuzi na kupiga picha mbele ya theluji. Mchagga wa Desemba. Alikuwa amesomea uchoraji nje, akarudi na nywele za kusokota na maneno mengi. Alisema amekuja kuchora nyuso za mlima, kwa kuwa hakuna aliyewahi kutuchora sawasawa.

Nyoo! Kama kwamba tulikuwa hatujijui sura. Mjini Moshi kulikuwa na studio ya familia moja ya Kihindi ambako sisi sote tulipigwa picha, tukiwa wachanga, tukiwa maharusi, tukimaliza shule. Ukutani nyuma yako kulikuwa na pazia lililochorwa ngazi na vyungu vya maua, kitana kipo, poda ipo, na mzee mwenye studio habonyezi kitu mpaka umenyoosha mgongo na kufunga mdomo. Picha ya baba iliyokuwa sebuleni kwetu ilitoka pale. Ukiitazama unaona mtu aliyejiandaa kuonwa. Hiyo ndiyo sisi tuliita picha, na nani alimtuma huyu kijana kuja kutuonea huruma sijui.

Alifika kwetu kwa sababu aliambiwa mama ana uso. Kwani nani hana? Alimkuta anatoka kukata majani ya ng'ombe, kanga imechakaa, miguu mitupu, mundu mkononi. Mama akamkaribisha, akamwambia asubiri aoge na kuvaa gauni lake la kanisani. Kijana akakataa. Alimtaka hivyo hivyo alivyo, eti ndio ukweli wake. Mama akafikiri kidogo, akasema sawa, ila mundu wake hauweki chini, ili watu wajue alikuwa kazini na wasidhani ndivyo anavyoshinda. Wakakubaliana. Akakaa kwenye kigoda karibu na masale, kwa siku kadhaa, ng'ombe wakilia njaa, kijana akichora.

Jumapili niliyopanda kuwasalimia niliuona mchoro wa penseli kwa macho yangu. Sitasema uongo, ulikuwa mzuri. Mundu ulikuwepo, na mkono umeukamata barabara, na macho ya mama yanakuambia usogee taratibu. Niliupenda. Nilimwambia hata kijana kwamba amempata, na akafurahi kama mtoto aliyepewa mkia wa mbuzi.

Maonyesho yakafanyika baada ya mvua za masika kwenye ukumbi wa hoteli moja mjini. Mama aliitwa, ila ng'ombe alikuwa karibu kuzaa, akanituma mimi. Nikavaa vizuri, nikaenda. Wageni rasmi wa kila aina, glasi mikononi, na watu wamesimama mbele ya picha wameinamisha kichwa upande kama kuku anayechungulia punje. Nikapita kwenye nyuso za watu wengine, mpagazi, muuza ndizi, padri mstaafu, mpaka nikafika ukuta wa mwisho, na hapo palikuwa na mama yangu, mkubwa kuliko mlango. Mikunjo yote ipo. Nyufa za visigino zipo. Mundu haupo. Mkono wake umenyooshwa kwako wewe unayetazama, na mkononi ameshika jani la sale lililofungwa fundo.

Nikamtafuta mchoraji, nikamvuta pembeni, nikamuuliza mundu ameupeleka wapi. Akatabasamu. Akasema alipofika Dar aliutazama tena akaona unatisha, unamfukuza mtazamaji, akataka kitu cha kwetu, cha upole, na amesoma kwamba sale ndilo jani la amani la Wachagga. Amesoma! Mtu ana bibi mzima hapo Mkuu, mlimani kwetu, angeweza kupanda gari kwenda kumuuliza. Nikamwambia mama yangu hajamwomba mtu msamaha.

"Dada, usiichukulie kwa udogo hivyo," akasema. "Pale mama anauombea ulimwengu."

Ulimwengu haukung'oa masale yetu. Nilimwambia aiteremshe picha, akasema haiteremshwi, kuna watu wameshaipenda. Akaenda kupigwa picha na mgeni rasmi.

Magazeti yakaipokea kama maji jangwani. Moja likaichapa robo tatu ya ukurasa, chini yake wakaandika kwamba mama wa Kilimanjaro anyoosha mkono wa amani. Lingine likampa mchambuzi wao safu nzima, naye akaandika kwamba mikunjo ile ni mateso ya mkulima aliyetupwa na bei ya kahawa, na visigino vile ni kilio cha bara zima. Ndugu yangu mchambuzi, visigino vile vilipasuka kwa sababu mama alikuwa hataki kuchafua viatu. Viatu nilimnunulia mimi, akaviweka chini ya kitanda kwa ajili ya misa.

Wasomaji nao wakaandika barua. Wapo waliokasirika kwamba Wachagga tumedhalilishwa, mbona hakuchorwa mama mwenye gari, tuna maprofesa na mabasi, kwa nini dunia ionyeshwe mwanamke pekupeku? Hao ndio walioniudhi kuliko wote, maana waliona aibu kwa miguu ya mama yangu. Redioni nako, kwenye moja ya zile stesheni mpya ambazo hazijui zijaze saa zake na nini, wakauliza wasikilizaji wapige simu waseme mama yule anaomba msamaha wa nini. Na watu walipiga, na simu zilivyokuwa ghali wakati ule! Mmoja akasema inaonekana alimkimbia mume. Mwingine akasema macho yale ni ya mtu aliyeroga na sasa anajuta. Mteja wangu mmoja wa Pasua, mtu mwema kabisa, akaniambia picha ni safi ila angemwekea na meno.

Aliyefunga safari kwenda kumuuliza mwenyewe alikuwa mmoja tu, kijana wa gazeti, amebeba kinasa sauti. Alimkuta mama bandani, akamsogezea kile kidude mdomoni, akamuuliza anajisikiaje kuwa maarufu. Mama akamuuliza kama kwao hawasalimii. Mahojiano yakaishia hapo.

Lakini hayo yote ni porojo za mjini. Kule mlimani watu hawakuona bei ya kahawa wala kilio cha bara. Waliona jani, wakaona fundo, wakaelewa jambo moja: amechoka, amekubali kosa. Gazeti lilitembea kutoka dukani hadi kwenye kilabu cha mbege, kutoka kilabuni hadi kanisani. Wanawake wa jumuiya yake wakawa wanamshika mkono wakimwambia amefanya vyema, amani ni kitu kikubwa, na mama anaitikia bila kujua anapongezwa kwa lipi. Mimi ndiye niliyepanda kumwambia. Gazeti lenyewe sikuwa nalo, nilikuwa nimelichana vipande vipande kibandani kwa hasira. Nilimweleza amesimama kwenye mlango wa banda la ng'ombe, ndama mpya akimnyonya vidole. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Na fundo amelifunga?" akauliza.

Nikasema amelifunga.

"Basi ameniua."

Sijawahi kumsikia mama akiongea kwa sauti ndogo namna ile. Nikalia, na sikulia kwa huzuni, nililia kwa ghadhabu. Jioni hiyo ikaja salamu kutoka kwa baba mdogo, ya kwanza tangu msiba. Alisema amepokea, amesamehe, na Jumamosi atakuja na wazee tumalize. Kumaliza maana yake tuliijua. Masale yatahamishwa kwa baraka za ukoo, na baba yangu atalala kwenye kihamba cha mtu aliyemsubiri afe ndipo amwibie.

Nilishuka mjini siku iliyofuata nikamkuta mchoraji hotelini anafunga mizigo. Nilimsihi, mimi ambaye simsihi mtu. Nilimwambia njoo Jumamosi, sema maneno machache tu mbele ya wazee, kwamba jani ulilitia wewe, mama alishika mundu. Nikamweleza habari ya kaburi. Alisikiliza huku anakunja mashati, akasema imemgusa sana, lakini Jumamosi ana kipindi cha televisheni Dar, na isitoshe msanii haelezei kazi yake, kazi inajieleza yenyewe. Kweli ilikuwa inajieleza, na hiyo ndiyo iliyokuwa balaa yetu. Nilimwambia maneno ambayo siwezi kuyaandika hapa, nikaondoka.

Jumamosi wakaja. Baba mdogo alivaa koti juani, gazeti limechungulia mfukoni, nyuma yake wanawe wamebeba chungu cha mbege, na getini wakaegesha mzigo wa masale machanga yenye mizizi, tayari kwa kupandwa. Hata aibu ya kuyaficha hakuwa nayo. Wazee wakakaa kwenye viti uani. Mama akatoka ndani amevaa gauni la kanisani na vile viatu, akawasalimia mmoja mmoja, akakaa. Mimi nilisimama mlangoni.

Mzee mkubwa wa ukoo akaongea kwa kuzunguka, kama kawaida yao. Akashukuru Mungu, akamsifu mama kwa moyo wake, akasema kuomba radhi si udhaifu. Mama akasubiri amalize, akasema yeye hajampelekea mtu sale. Mzee akatabasamu kwa huruma, akasema mama, nchi nzima imeona. Baba mdogo akacheka kicheko cha tumboni.

Mama hakupandisha sauti. Akasema huenda nchi nzima imeona, lakini yeye mwenyewe hajaliona, na macho yake siku hizi ni ya karibu. Akamgeukia baba mdogo.

"Shemeji, mimi hilo sale mnalolisema silijui. Hebu niletee nilione."

Baba mdogo alikuwa na furaha nyingi mno, hakufikiri. Alisimama, akajivuta koti, akatoa gazeti, akalikunjua upande wa picha na kulisawazisha vizuri. Akavuka ua wote mbele ya wazee. Na kwa kuwa mama ni mke wa kaka yake mkubwa, na wazee wanatazama, na hata mwizi wa mipaka kule kwetu amefundishwa adabu ya kumpa mtu kitu, akainama kidogo akampa kwa mikono miwili.

Mama akasimama. Akalipokea kwa mikono miwili. Akalitazama muda mrefu, akapitisha kidole juu ya lile jani, juu ya lile fundo. Kisha akaliinua ili wazee walione.

"Mmeshuhudia wenyewe," akasema. "Shemeji ameniletea sale, mkononi, mbele yenu, na lina fundo. Mimi sina ruhusa ya kukataa. Shemeji, nimekusamehe."

Baba mdogo alibaki mikono imenyooka vilevile, anaangalia mama, anaangalia wazee. Halafu ndipo akili ilipomfikia, akaanza kubwata kwamba ni upuuzi, kwamba hilo si sale, ni karatasi tu ya gazeti.

Mzee mkubwa alikuwa ameshaanza kucheka, kicheko kile cha wazee kinachoishia kwenye kikohozi. Alijifuta macho kwa kiganja.

"Kwani lile lililokuleta hapa lilikuwa nini?" akamuuliza.

Mbege ikamiminwa, mbege ya baba mdogo mwenyewe, naye akanywa kama anavyokunywa aliyesamehewa, wa mwisho, kichwa chini. Wazee safari hii walisema kwa jina nani alikosa, kwa sababu hawakuwa na njia ya kukwepa. Mpaka ukabaki alipouweka babu. Nilikwenda nyuma ya jiko nikacheka peke yangu mpaka mbavu zikaniuma, kisha nikalia tena.

Picha ilinunuliwa na kupelekwa Ulaya. Mchoraji alisikia habari ya Jumamosi ile, sijui kwa nani, na nikamsikia redioni akisema kwamba kazi yake imepatanisha familia iliyogombana miaka mingi, na mtangazaji akashusha pumzi kwa kuguswa. Magazeti yakaandika kwamba sanaa huponya. Mama alipofariki miaka kadhaa baadaye, kuna mwandishi aliyenipigia akiomba niwape picha ile maarufu waitumie kwenye tanzia. Nikampa ya studio, mgongo umenyooka, mdomo umefungwa, vyungu vya maua nyuma. Hawakuitumia, walisema haina hisia.

Ule mzigo wa masale baba mdogo aliuacha getini, aliona haya kuubeba kurudi nao. Mama aliyapanda jioni ileile kichwani mwa kaburi la baba. Yalishika vizuri, yakawa marefu, na kila baada ya mvua alikuwa anakwenda kuyapunguza kwa ule mundu ambao kijana aliuona unatisha. Sasa na yeye amelala hapo pembeni, na kazi ya kuyapunguza ni yangu.